Mgeni Mlangoni mwa Mjapani

Jioni hii nimenuia kuzungumza nanyi habari za nyumba ya Kijapani na adabu zimpasazo mgeni aingiapo ndani yake. Maana vijana wetu wengi siku hizi huenda Japani, wengine kwa masomo, wengine kwa biashara ya magari, na wengine, kama wale wakimbiaji wa Kenya walioajiriwa katika timu za makampuni ya huko, kwa nguvu za miguu yao, na aghalabu kabla ya safari hupewa vijitabu viwafunzavyo jinsi ya kuinama waamkianapo na watu na jinsi ya kupokea kadi ya jina kwa mikono miwili. Mambo hayo ni mazuri kuyajua, walakini hayatawaaibisha wasipoyajua, kwa kuwa Mjapani hamtarajii mgeni ajue kuinama, na mgeni akiinama kombo husamehewa kwa tabasamu. Penye hatari ni ndani ya nyumba, na mgeni akikosea humo hataambiwa.

Hilo la kutoambiwa ndilo muradi wa mazungumzo yangu. Mwenyeji wa Kijapani, kwa kuchelea kumfedhehesha mgeni wake, atanyamaza, atacheka kidogo, atamimina chai nyingine, na mgeni ataondoka akidhani mambo yote yalikwenda sawasawa. Lakini nyumba yenyewe haikunyamaza. Ilikuwa ikimwambia tangu alipoingia, kwa sakafu zipandazo na kushuka, kwa viatu vilivyopangwa, kwa mahali palipowekwa takia na mahali palipoachwa wazi, na mwenye macho angeyaona hayo na kujua la kufanya bila ya kuuliza.

Tuanze mlangoni. Mlango ukifunguka, mgeni hafiki ukumbini. Husimama kwanza katika kijieneo cha saruji au vigae kiitwacho genkani, ambacho kiko chini ya sakafu ya nyumba kwa kadiri ya shubiri moja, na tofauti ya kimo hicho ndiyo mpaka wa nje na ndani. Viatu hukomea hapo. Mtu wa Pwani, aliyelelewa kuvua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, atajiona yuko kwao, na kwa kujiona hivyo atateleza. Kwani sharti si kuvua viatu tu, sharti ni kwamba mguu uliokwisha kutoka kiatuni usiguse tena ile sakafu ya chini, bali upande moja kwa moja juu, vinginevyo utabeba vumbi la njiani hadi ndani, na juhudi yote ya kuvua itakuwa bure. Akishapanda, mgeni mwenye murua hugeuka, hupiga magoti upande mmoja asije akampa mwenyeji mgongo, na huvigeuza viatu vyake vitazame mlango, tayari kwa kutokea. Na ikiwa alisahau, mama wa nyumba atavigeuza yeye baadaye, kimyakimya, mgeni akiwa anakunywa chai. Wakati wa kupanda husemwa *ojama shimasu*, maneno ya kuomba radhi kwa kuingilia nyumba ya mwenzio, nayo husemwa hata na rafiki wa siku zote ajaye kila Jumamosi.

Juu ya sakafu hiyo ya mbao mgeni hupewa sapatu. Nazo zina mipaka yake: hutembelewa ukumbini na jikoni, lakini mlangoni mwa chumba chenye mikeka ya tatami huvuliwa, na ndani humo mtu huingia kwa soksi, ndiyo maana asafiriye Japani na aangalie soksi zake kabla ya kuangalia tai yake. Mlangoni mwa choo tena kuna jozi nyingine, ya chooni peke yake, na mtu hubadilisha aingiapo na hubadilisha atokapo. Sidhani kama liko kosa la wageni linalosimuliwa kwa kicheko zaidi ya lile la kurejea sebuleni, umekaa kitako umetulia, na sapatu za chooni miguuni.

Chumba cha tatami chataka maelezo, kwani ndicho moyo wa nyumba ya zamani na ndicho kinachopungua sana katika nyumba za leo. Tatami ni tandiko gumu, unene wake wapata sentimita 5, ambalo zamani moyo wake ulikuwa wa mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa, na juu yake hushonewa mkeka laini wa igusa, majani membamba yaotayo majini, yanayolimwa zaidi katika upande wa Kumamoto, kusini. Likiwa jipya lina rangi ya kijani na harufu ya majani makavu ambayo Wajapani walio ugenini huitamani, na kwa kupita miaka hugeuka rangi ya dhahabu. Kila tandiko lina urefu upatao sentimita 180 na upana nusu yake, ingawa ya Kyoto ni makubwa kidogo kuliko ya Tokyo, na kwa kuwa kipimo chake chajulikana na kila mtu, hata leo dalali wa nyumba atakwambia chumba hiki ni cha matandiko 6 au cha matandiko 8, nawe utajua ukubwa wake, japo chumba chenyewe kina sakafu ya mbao tupu. Mwenye adabu hakanyagi ukingo wa kitambaa uliozunguka tandiko, wala hakanyagi kizingiti ambamo milango ya karatasi huteleza.

Katika chumba hicho hicho kimoja watu hula, hupokea wageni, na hulala. Usiku magodoro membamba, yaani futoni, hutolewa katika kabati pana la ukutani na kutandikwa chini. Asubuhi hukunjwa na kurejeshwa, na siku ya jua utayaona yameanikwa katika roshani za maghorofa mtaa mzima, wenyewe wakiyapiga kwa fimbo yatoke vumbi. Edward Morse, Mmarekani aliyekwenda Japani kwa ajili ya kutafiti makombe ya baharini, alivutiwa na nyumba hizi hata akaziandikia kitabu kizima kilichotoka 1886, chenye michoro ya mkono wake mwenyewe, akieleza hata jinsi dari zinavyotundikwa, naye alistaajabishwa na uchache wa vitu vilivyomo. Nami nadhani uchache huo ulikuwa na sababu yake: chumba kilichojaa vitanda na makabati hakiwezi kuwa ukumbi mchana na malazi usiku, na katika nchi ya zilzala, kama ile iliyouangamiza mji wa Tokyo tarehe 1 Septemba 1923, kila kabati refu ni adui wa mwenye kulala chini yake.

Upande mmoja wa chumba cha wageni kuna kidaka kikubwa, tokonoma, sakafu yake imeinuliwa kidogo, ukutani umetundikwa mchoro au hati nzuri, na chini pamewekwa maua machache. Hapo mtu hakanyagi wala haweki mkoba wake, hata kama panaonekana kama rafu iliyotengenezwa kwa ajili ya mikoba. Mbele ya kidaka hicho, mgongo ukikielekea, ndipo mahali pa heshima, na mgeni mkubwa huambiwa akae hapo. Naye kwanza hukataa, huambiwa tena, hukataa kwa sauti ndogo zaidi, kisha hukaa. Kukaa kwenyewe ni kwa kupiga magoti na kukalia visigino, ibada ngumu kwa asiyezoea, na mwenyeji mwema baada ya muda atamwambia mgeni akunjue miguu. Asikatae, maana ganzi haina staha, na wako waliosimama kwa haraka wakaanguka juu ya milango ya karatasi. Nao vijana wa Kijapani wa leo, waliokulia kwenye meza na viti, huumia vilevile.

Sasa nije kwenye maji, ambapo ningependa kukawia kidogo, kwa sababu hakuna mahali nyumba ya Kijapani isemapo waziwazi kama katika hamamu yake. Chumba cha kuogea kina birika kubwa lenye kina kirefu, maji yake yana joto la kiasi cha nyuzi 40 au 42, na kando yake pana sakafu yenye mfereji, kibao kidogo cha kukalia, ndoo ndogo, na bomba lililofungwa chini kuliko desturi yetu. Mwenye kutafakari ataona: kama watu wangeogea ndani ya birika, kibao hiki ni cha nini? Basi jibu ni kwamba mtu huketi juu ya kibao, hujisugua kwa sabuni tangu kichwa hata nyayo, hujimwagia maji mpaka povu lote liishe, na akishakuwa safi kabisa ndipo huingia birikani, kwa muradi wa kuota joto na kupumzika. Maji yale ni ya jamii nzima. Mmoja akitoka huingia mwingine, baba, watoto, na mama, ambaye kwa desturi ya zamani alikuwa wa mwisho, na baada ya kila mtu huwekwa kifuniko joto lisipotee. Na nyumba nyingi asubuhi huyavuta maji hayo kwa mpira hadi katika mashine ya kufulia nguo, yasipotee bure.

Mgeni hupewa hadhi ya kuoga wa kwanza. Ni takrima kubwa, na ndiyo itakayomponza, kwani mgeni muungwana, aliyefundishwa na mama yake kwamba usimwachie mwenzio maji uliyoogea, akimaliza atazibua tundu na kuyaachia yote. Kisha atatoka kwa bashasha, na jamaa watano waliokuwa wakingoja zamu yao watasikia maji yakikorokota mferejini. Hawatasema neno. Baba atatazama gazeti, na mama atakwenda kufungua bomba upya.

Kadhalika katika hamamu za umma na chemchemi za maji moto, ambazo Japani imejaaliwa nyingi kwa sababu ya milima yake ya volkano, utaratibu ni huohuo, ila huko watu huoga uchi, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na mahali pengi mwenye chale za wino mwilini hukataliwa kuingia. Muislamu anayechunga uchi wake ana njia, kwani katika nyumba za wageni nyingi hukodishwa hamamu ya faragha kwa saa, lakini yafaa aulize mapema. Na neno hili la mapema nalitilia mkazo hasa kwa upande wa chakula: mafuta ya nguruwe na mvinyo wa mchele huingia katika mapishi mengi ambayo kwa kuyatazama ni samaki na mboga tu, na mwenyeji aliyeambiwa siku tatu kabla atahangaika kwa furaha kutafuta kisichomdhuru mgeni wake, ilhali mwenyeji aambiwaye wakati vyombo vimekwisha kupangwa mezani atapatwa na aibu ambayo mgeni hataweza kuiondoa kwa maneno.

Mgeni akitoka kuoga, aghalabu hupewa yukata, joho jepesi la pamba. Hapa na aangalie: upande wa kushoto hupita juu ya upande wa kulia, mwanamume na mwanamke sawasawa, kwani wa kulia kupita juu ni mavazi ya maiti. Futoni yake nayo haitatandikwa kichwa kikielekea kaskazini, kwani huko ndiko maiti huelekezwa kichwa. Na mezani, vijiti vya kulia havichomekwi wima katika bakuli la wali, kwa sababu bakuli la namna hiyo huwekwa karibu na mto wa aliyefariki. Wala chakula hakipokezanwi kutoka vijiti vya mtu hadi vijiti vya mwingine, kwa kuwa Wajapani, ambao karibu wote huchomwa moto wanapofariki, baada ya kuchomwa jamaa zao huzunguka na kuiokota mifupa kwa vijiti, wawili wawili wakisaidiana mfupa mmoja, wakianza na ya miguuni na kumalizia na ya kichwani ili marehemu awe amesimama ndani ya chombo chake. Mtu ambaye mwezi uliopita alimuokota hivyo baba yake, ukimpokeza kipande cha samaki kwa vijiti, utafahamu kwa nini uso wake umebadilika. Katika makosa yote niliyoyataja jioni hii, haya ya mauti ndiyo peke yake ambayo mwenyeji hushindwa kuyaficha.

Mengine ya mezani si mazito. Kabla ya kula kila mtu huunganisha viganja na kusema *itadakimasu*, na baada ya kula *gochisosama*, hata mtoto wa miaka miwili. Bakuli la wali na la supu huinuliwa mkononi. Kuinamia bakuli lililo mezani si uzuri. Tambi huvutwa kwa sauti, wala si utovu wa adabu. Mtu hajimiminii kinywaji. Humtazama jirani yake, na kikombe cha jirani kikipungua humjaza, naye hungoja ajazwe. Lipo moja ambalo halinipendezi, nami sitalificha: katika nyumba nyingi za watu wazima mama wa nyumba huenda jikoni na kurudi usiku kucha, na mgeni akimsihi akae ale pamoja nao hujibiwa kwa kicheko na sahani nyingine. Nyumba za vijana zimeanza kuacha desturi hiyo, na heri iachwe.

Zawadi ni bahari, nami nitachota kata moja tu. Mgeni haendi mikono mitupu. Huchukua kitu kisicho na makuu, hasa cha kuliwa, hasa kitokacho katika mji wake, kimefungwa vizuri, na hukitoa kwa mikono miwili akisema kuwa si kitu cha maana. Mwenyeji hakifungui mbele yake, naye asidhani kwamba kimedharauliwa. Vitu vinne vinne havitolewi, kwa kuwa matamshi ya nne ni sawa na ya mauti. Nayo zawadi kubwa, ya harusi au ya mazishi, hurudishwa kwa zawadi ya kiasi cha nusu ya thamani yake, na hivyo fadhila huzunguka bila ya mwisho, hasa katikati ya majira ya joto na mwishoni mwa mwaka, wakati maduka makubwa hutenga ghorofa nzima kwa ajili ya vifurushi hivyo. Na Wajapani wenyewe hulalamika kwamba mzigo huo huwaelemea, kisha huenda kununua.

Aendaye wakati wa kipupwe na ajue kwamba nyumba ni baridi. Mtawa Yoshida Kenko, aliyeandika katika karne ya 14, alishauri kwamba mwenye kujenga nyumba aizingatie hari, kwani baridi mtu huweza kuivumilia popote, na maseremala wakamfuata kwa karne nyingi: kuta nyepesi, milango ya karatasi, upepo chini ya sakafu. Dawa ya baridi hiyo ni kotatsu, meza fupi yenye kipasha joto chini yake, iliyofunikwa mfarishi mzito uangukao hadi sakafuni, na jamaa wote huingiza miguu humo, mgongo una baridi na magoti yana joto, bakuli la machenza likiwa katikati. Ukialikwa kuingiza miguu yako chini ya mfarishi huo, jua kwamba umekwisha kuvuka mipaka yote ya nyumba, maana mgeni wa heshima huwekwa mbele ya tokonoma, na mtu wa nyumbani huwekwa kwenye kotatsu.

Kuondoka nako kuna elimu yake. Husimuliwa juu ya watu wa Kyoto kwamba mwenyeji akikuuliza kama utapenda wali uliomwagiwa chai, maana yake wakati umefika wa kutafuta viatu vyako, na aliyejibu kwamba angependa sana amekuwa mfano wa mjinga katika hadithi hiyo; wenyeji wa Kyoto huicheka, lakini sijasikia kwamba wanaikana kwa nguvu.

Na kwa wale watakaokaa, wakapanga chumba chao wenyewe, majirani ndio watakaokuwa wenyeji wao. Desturi njema ni kuwabishia hodi walio kushoto na kulia siku ya kuhamia, na zawadi ndogo mkononi, kitambaa cha uso au sabuni. Baada ya hapo mtihani mkubwa ni taka. Kila mtaa una siku yake ya taka za kuchomwa, siku ya chupa, siku ya makopo, siku ya karatasi zilizofungwa kamba, na kila kitu hupelekwa asubuhi ya siku yake, mahali pake, chini ya wavu wa kuzuia kunguru. Ukichanganya, hutasikia mlango wako ukigongwa. Gari litakuja, litachukua mifuko yote ya mtaa, na wako utabaki palepale, peke yake, umebandikwa karatasi yenye maandishi mekundu, mpaka jioni urudipo kazini ukiupitia mbele ya majirani. Nami namshauri kijana aubebe mara moja, aupeleke ndani, autenge upya, na asubuhi amwamkie kila mtu kwa sauti ya kusikika, kwa kuwa maamkizi ya asubuhi mtaani huko huhesabiwa kuliko ufundi wa lugha.

Jambo la mwisho ni la shukrani. Mgeni aliyelishwa hushukuru mlangoni, hushukuru kesho yake kwa simu au kwa waraka, na akikutana na mwenyeji wake baada ya wiki mbili, iwe ni kituoni au dukani, neno lake la kwanza, kabla ya kuulizana hali na kabla ya habari ya mvua, ni kumshukuru tena kwa siku ile. Asiyejua hili hudhani amekwisha kutimiza wajibu wake usiku uleule alipovaa viatu, ilhali mwenyeji bado anangoja.